Mboga inayojiotea

Mvua za masika zikishaloanisha ardhi kwa siku kumi hivi, adui mkubwa wa mboga katika nyua nyingi za Tanga, Muheza na Pangani huwa ni jembe. Jumamosi asubuhi watu hutoka nalo, wakakwangua kila kijani kilichochomoza, wakarundika na kuchoma, kisha wakainua tuta safi la kupandia chainizi. Katika lile rundo lililoungua mlikuwa na mchicha pori, mnavu, mgagani, mchunga na pengine mlenda. Jioni mtoto anatumwa sokoni akanunue fungu la mboga.

Sina ugomvi na chainizi wala kabichi. Zinalisha watu, na mkulima wa Lushoto anayeteremsha kabichi zake Dar es Salaam anasomesha watoto kwa hizo. Lakini bustani ya nyumbani ina kazi yake, tofauti na ile ya shamba la biashara, na kwa ukanda wenye misimu miwili ya mvua kama huu wetu, nusu ya bustani hiyo hujipanda yenyewe. Anayetakiwa ni mtu wa kuitambua ingali changa, kuilinda wiki mbili tatu za mwanzo, na kujua namna ya kuipika. Hilo la mwisho ndilo linalotushinda zaidi. Wengi wanaosema hawapendi mchunga hawajawahi kuula uliopikwa na mtu anayeujua.

Mbegu zenyewe hazikutoka mbali. Mche mmoja wa mchicha ukiachwa ukomae humwaga maelfu ya mbegu ndogo nyeusi, na nyingi hulala udongoni mpaka unyevu uzifikie. Mnavu huenezwa na ndege wanaokula matunda yake yaliyoiva. Mgagani hupenda palipokuwa na samadi. Ukiukuta umeota kwa wingi mahali pasipotarajiwa, waulize wazee kama hapakuwa na zizi hapo zamani. Mchunga una hila nyingine: mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, ukiukata hapa unachipua pale. Mwenye mahindi anauona gugu sugu, mwenye sufuria anauona riziki.

Waliosoma jambo hili wapo tangu zamani. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha utafiti wake wa Lushoto kuhusu nafasi ya majani ya mwitu katika mlo. Alionyesha kuwa majani yaliyookotwa mashambani na kando ya njia yalikuwa kitoweo cha kawaida cha Wasambaa, wala hayakusubiri njaa ili yaliwe. Mwaka 2002 Christopher Ruffo, Ann Birnie na Bo Tengnäs walitoa kitabu kizima juu ya mimea ya mwitu inayoliwa Tanzania, chenye picha za kuchora na maelezo ya namna ya kuandaa kila mmea. Kitabu hicho kingestahili kuwa katika kila shule ya msingi yenye bustani. Shule nyingi nilizopita zina tuta la kabichi na kibao kinachokataza kukanyaga.

Kujua unachokiona

Mgagani hautambuliki kwa shida. Jani lake limegawanyika kama vidole vitano vya mkono, shina lina vinyweleo, na ukilisugua lina harufu kali ambayo haifanani na ya mboga nyingine. Mnavu una maua madogo meupe yenye kitovu cha njano na matunda ya mviringo madogo kuliko gololi, ambayo huiva yakawa meusi au ya rangi ya chungwa kulingana na aina. Mchunga una majani marefu membamba, ua la njano, na ukiukata hutoa utomvu mweupe. Mlenda ni jina linalobeba mimea kadhaa, mingine hata si ndugu. Kinachoiunganisha ni ule utelezi wake sufuriani.

Baada ya hiyo minne, wapo wadogo wanaodharauliwa kabisa. Kishonanguo, ambacho tunakijua kwa mbegu zake zinazong'ang'ania suruali, huliwa kikiwa na majani manne au sita, kabla hakijakomaa. Tako la Hawa, lenye majani manene yanayotambaa kwenye mchanga, lina uchachu mwepesi na linafaa kuchanganywa na mchicha. Kongwa, ambalo hutambaa penye kivuli na kutoa ua la buluu, huliwa sehemu nyingi za pwani na milimani ingawa mikoa mingine wanawapa sungura tu.

Sasa tahadhari, nayo nataka isomwe polepole. Kuna mmea unaoitwa mnanaha, wengine husema mranaha, unaoota pale pale mnavu na mchicha inapopenda: jalalani, zizini, kandokando ya mashamba yenye rutuba. Ukiwa mchanga unaweza kumdanganya mtu mwenye haraka. Ukikua utauona majani yake mapana yenye kingo za menomeno, harufu ya kukera, ua refu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Una sumu inayovuruga akili na mapigo ya moyo. Mnavu wenyewe majani yake ni mboga nzuri yakipikwa, lakini matunda yake mabichi ya kijani hayaliwi. Na mmea wowote usioufahamu, hata kama jirani wa mtaa wa pili anaula, uache mpaka uoneshwe kwa mkono na mtu aliyeuzoea.

Mahali pa kuchuma napo pana maneno. Mchicha unaostawi kando ya barabara kuu hunywa moshi na vumbi la magari, na ule wa kando ya mtaro hunywa kilichomo mtaroni. Watafiti waliopima mboga zinazolimwa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wamekuta metali nzito ndani yake, na kuosha kwa maji ya chumvi hakuondoi kitu kilichokwisha kupanda kwenye mshipa wa jani. Shamba la jirani lililopigwa dawa ya magugu au ya wadudu nalo lipite mbali, hata kama mnavu wake umenona.

Tuta na kona

Bustani ninayoitetea imegawanyika mara mbili. Upande mmoja una vilivyopandwa: kunde, matembele, nyanya chungu, bamia, maboga. Upande wa pili ni kona iliyoachwa, ambako jembe haliingii mpaka mwenye nyumba ajue kilichoota. Kona hiyo si lazima iwe kubwa. Hatua tatu kwa mbili zinatosha familia kuonja, na palipo finyu zaidi pembezoni mwa tuta panafaa.

Udongo wetu wa pwani ni mchanga, maji na rutuba huvuja upesi. Samadi ya mbuzi au ya kuku iliyokwisha kuoza, majivu kidogo ya jikoni, na majani makavu yaliyotandazwa juu ya tuta ndiyo huufanya ushike unyevu. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche. Maji ya kuoshea mchele na mboga yana nafasi yake bustanini, ya sabuni hayana.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa, la sivyo zitaangukia mahali pamoja na kunyongana. Mbegu za mlenda ule unaolimwa zina ganda gumu. Wanaozijua huzifunga kwenye kitambaa na kuzichovya katika maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde kama kumi, kisha wakazipoza na kuzipanda. Mbegu za mgagani zina ukaidi wa namna nyingine: zilizovunwa sasa hivi hazioti vizuri, zinataka kukaa miezi kadhaa kwanza. Wengi huzilaumu kuwa mbovu na kuzitupa, kumbe wamezipanda zingali usingizini.

Kunde hazina masharti mengi. Wiki ya tatu baada ya kupanda unaanza kuchuma majani machanga, na ukipanda mstari mwingine kila baada ya wiki mbili hutakosa mpaka kusi ikauke. Kuna mwiko mmoja tu: asiyejizuia akachuma majani yote asitegemee kupata kunde zenyewe. Maboga huwalipa wavivu. Mche mmoja unakupa majani ya kupika, maua ya kukaanga, boga la kuchemsha na mbegu za kutwanga. Majani yake lakini yanataka subira, kwa kuwa nyuzi za bua na mishipa lazima zimenywe moja moja kabla ya kukatwa. Asiyezimenya atakula kamba.

Kati ya kuchuma na kung'oa, chagua kuchuma. Mnavu ukikatwa ncha hutoa matawi ya pembeni, na unaweza kuurudia kila wiki kwa muda mrefu. Mchicha ukikatwa juu ya vifundo vya chini huchipua tena. Mgagani una haraka ya kuzaa. Ukiona kichwa cha ua kinajikusanya, kivunje siku hiyo hiyo, na majani yataendelea kuja. Ukiuacha kidogo tu na jua likawa kali, utakuwa na maganda ya mbegu mengi na majani machache machungu.

Hapa kuna kosa ambalo bustani nyingi zinalirudia mwaka hadi mwaka. Mwenye bustani anakula mche ulionawiri, ule wenye majani mapana uliochelewa kutoa maua, na kuuachia mbegu ule dhaifu uliotangulia kuchanua kwa sababu hakuona haja ya kuuchuma. Baada ya misimu mitano bustani yake imejaa uzao wa wale dhaifu, naye anasema mbegu za siku hizi hazifai. Mche wa mbegu huchaguliwa mapema na kufungwa uzi mwekundu au kitambaa ili watoto wasiuguse. Uwe ule bora kuliko yote. Matunda ya mnavu yaliyoiva hupondwa, yakalazwa ndani ya maji kidogo mpaka utelezi utoke, yakaoshwa, na mbegu zikaanikwa kivulini. Mbegu za mgagani hukatwa maganda yanapoanza kugeuka njano, kabla hayajapasuka na kuzitawanya.

Kwa miezi ya Januari na Februari, wakati kaskazi inavuma na tuta limekuwa jivu, bustani ya majani huhamia mitini. Mlonge uliopandwa kwa kijiti kando ya ua huwa bado una majani. Kisamvu cha mpira, ule mti unaofanana na mhogo lakini hauzai mihogo ya kula, husimama kijani huku mihogo ya kawaida imepukutisha. Mti mmoja wa kila aina unatosha nyumba moja.

Sufuriani

Mchunga huchumwa kabla ua la njano halijatokea, maana baada ya hapo uchungu wake hauna mpishi. Uoshe, ukate katekate, uchemshe kwa chumvi kidogo mpaka ulainike, umwage maji na kuukamua kwa mkono. Nazi moja ikunwe kwa mbuzi. Tui la kwanza, kasimile, liwekwe kando, na chicha ikamuliwe tena kupata tui jepesi. Kitunguu na nyanya vichemke ndani ya lile jepesi pamoja na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Majani yaingie. Maji yakikaribia kukauka, kasimile imiminwe na kukorogwa taratibu bila kuacha, ichemke mara moja tu, moto utolewe. Likikatika tui, umeharibu. Wenye moyo mdogo huchanganya mchunga na mchicha au mnavu nusu kwa nusu. Kwa bada, ule ugali wa makopa unaovutika, na kipande cha ng'onda aliyechomwa, sijui mlo wa Tanga unaoupita huo.

Kumwaga maji kuna gharama, tuseme ukweli. Sehemu ya vitamini na madini huondoka nayo. Ndiyo sababu majani machanga ni bora: uchungu ni kidogo, na maji ya kumwagwa huwa machache. Nazi, karanga, ufuta na maziwa ambavyo bibi zetu walitia kwenye majani vilikuwa na maana kupita ladha, kwani karotini iliyomo kwenye majani ya kijani, ambayo mwili huigeuza vitamini A, huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Ndimu inayokamuliwa mezani husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Magadi ni kinyume chake. Hulainisha na kutunza ukijani, lakini huua vitamini C, na yakizidi mboga hunuka sabuni. Nayaunga mkono kwenye mlenda tu, tena kwa ncha ya kijiko. Vidonge vya supu siviungi mkono popote. Mtu aliyechuma mgagani wake alfajiri akauzamisha ndani ya ladha ya kiwandani alikuwa na sababu gani ya kuamka mapema?

Kisamvu kina sheria yake na haivunjwi. Majani ya mhogo yana kemikali ambayo hutoa sianidi. Kutwanga kwenye kinu huifungua, kuchemsha kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi huifukuza hewani. Siku hizi wengine husaga kwa mashine, sawa, lakini moto usipunguzwe muda kwa sababu kimesagika laini. Wakongo, ambao hukiita sombe au pondu, nao hukitwanga kisha wakakipa muda wake motoni.

Mgagani, kwa upande wake, unawafaa wenye maziwa. Wakalenjin na Wajaluo huupika, wakaumwaga uchungu wake, kisha wakauchanganya na maziwa na kuuacha mpaka kesho yake. Ladha inayopatikana haina mfano katika mapishi ya nazi. Mtu wa pwani akijaribu mara moja asikate tamaa, arudie.

Uchachu wa mchuzi hufuata majira. Oktoba na Novemba, embe mbichi zinapoanza kudondoka, hukatwa na kutiwa kwenye mchuzi wa samaki. Kusi ikishakolea ukwaju huwa umekauka mtini, na ubuyu nao. Mabungo yakifika mezani hugeuzwa juisi siku hiyo hiyo. Sina zaidi ya kusema juu ya mabungo, ila kwamba anayetia sukari nyingi anajinyima.

Kwenye mvua moja

Dodoma hakuna vuli na masika. Mvua yao ni moja, kuanzia Desemba hivi hadi Machi au Aprili, na kwa mwaka haifikii milimita 600 kwa wastani. Mgogo aliyesubiri mboga mbichi Agosti angelala na ugali mkavu. Ndiyo maana mlenda huchumwa kwa wingi mvua ikiwa imekolea, ukaanikwa, ukatwangwa ukawa unga, ukahifadhiwa. Ukifika wakati wa kupika, maji huchemshwa na magadi kidogo, unga wa mlenda hunyunyizwa huku ukikorogwa, karanga zilizosagwa zinafuata. Unaliwa na ugali wa uwele au mtama, na mgeni anayeukodolea macho utelezi wake hupewa muda.

Tabora na Shinyanga wana nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo hupikwa kwa karanga wakati wa kiangazi. Hapa pwani tumeacha kukausha kwa kuwa mboga mbichi zilikuwepo daima, lakini vuli za siku hizi hazitabiriki, na mtu mwenye debe la majani makavu ana utulivu ambao jirani yake hana. Kaushia kivulini penye upepo, juu ya wavu au chandarua cha zamani, na kingine kifunike juu kuzuia nzi. Jua kali likiyapiga moja kwa moja, karotini nyingi hupotea na majani hubaki na rangi ya tumbaku. Yakivunjika kwa mkono yamekauka. Tia kwenye chombo kisichopitisha unyevu.

Uyoga ni mada ya watu wa miombo: Tabora, Katavi, Iringa, Ruvuma, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mpaka Lubumbashi, ambako huitwa bowa. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga wa vichuguu huchomoza, na wauzaji hukaa kandokando ya barabara na ndoo zao. Hauwezi kupandwa bandani kama ule wa mamama, kwa sababu aliyeulima ni mchwa. Mchwa hawa hufuga kuvu ndani ya kichuguu kwa ajili ya chakula chao, na kuvu hao hutoa uyoga juu ya ardhi majira yakifika. Aina mojawapo, ambayo wataalamu waliielezea kutoka Zambia mwaka 1980, kofia yake hukaribia upana wa mita moja. Ukiokwa au kuchemshwa na karanga una utamu wa nyama ambao nyama nyingi hazina.

Lakini huu ni ujuzi wa kurithishwa shambani, na makala ya gazeti haiwezi kuufundisha. Zile hadithi za kijiko cha fedha kugeuka cheusi, au kwamba uyoga ulioliwa na wadudu hauna madhara, ni uongo uliokwisha kuua. Sumu ya baadhi ya uyoga haiondoki kwa kuchemsha wala kukausha. Mbaya zaidi, dalili huchelewa saa sita au hata kumi na mbili, kisha mgonjwa hutapika na kuhara, akaonekana kupona, huku ini likiharibika. Aliyekula na akaugua aende hospitali mara moja na mabaki ya uyoga wenyewe. Asiyetoka katika familia ya waokotaji anunue kwa wanaojulikana. Na ndani ya hifadhi za misitu, uliza ofisi ya misitu kabla ya kuingia na kikapu.

Walioona mapema

Wakenya wametutangulia katika kuzithamini mboga za asili, na hakuna ubaya kulikiri. Mwaka 1999 Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye walichapisha kupitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya kitabu juu ya mimea ya vyakula vya asili nchini humo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuchunguza mnavu, mgagani, kunde na ndugu zao, kutoka mbegu hadi lishe. Mboga zilizokuwa zikionewa aibu mbele ya wageni zikaingia kwenye maduka makubwa na hoteli za Nairobi kwa majina ya managu, saga na terere. Desemba 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo ya Kenya ya kurejesha vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Miongoni mwa walioshirikishwa walikuwa watoto wa shule za msingi.

Upande wetu hatukosi mtaji. Nje kidogo ya mji wa Arusha, tangu 1992, kipo kituo cha Afrika cha taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mboga yenye makao yake Taiwan, na hapo mbegu za mnavu, mgagani, mchicha na nyanya chungu hutunzwa, hulinganishwa na kuboreshwa. Baadhi ya aina zilizotoka hapo zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Zina majani mapana na hukawia kutoa maua, kwa hiyo mwenye tuta dogo atazifurahia. Mimi bado ningeweka na za kwetu kando yake, zile zilizojiotea, kwa kuwa zimekwisha kuzoea mchanga huu na ukame wake.

Kinachopungua ni wanaojua. Ukipita soko la Mgandini, Tanga, asubuhi ya Aprili utakuta mafungu ya mchunga na mnavu, na nyuma yake mara nyingi ameketi mwanamke wa makamo. Muulize amechuma wapi na anapikaje. Wengi hueleza kwa furaha mteja akishanunua, na shangazi wa namna hiyo ni mwalimu aliye karibu nawe kuliko kitabu chochote.

Kwa wiki hii, basi, kama mvua imekwisha kugusa uwanja wako: gawa kona moja na uikataze jembe mpaka mwisho wa mwezi. Panda kunde mstari wa kwanza leo na wa pili baada ya wiki mbili. Mchicha umwage na mchanga. Mgagani tumia mbegu za mwaka jana. Za msimu huu zikivunwa, ziweke kavu mpaka vuli, kwa maana kabla ya hapo hazitaota vizuri.